Karatasi Yenye Jina Lake

Darasa lilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Kinondoni, na siku ya kwanza mwalimu Revelian aliwauliza watu swali ambalo halimo kitabuni.

"Kila mtu aniambie kwa nini anautaka huu mtihani wa mitandao ya kompyuta. Na msinidanganye. Mie Mhaya, uongo naujua tangu ukiwa mbali."

Wakacheka. Genoveva, dada wa benki, akasema wasichana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe wamepandishwa vyeo wakamwacha kaunta, kisa wana karatasi hiyo. Jonas akasema anataka kwenda Qatar. Babu yake alichonga vinyago mpaka vidole vikapinda, yeye vidole vyake bado anavihitaji. Jamali akasema bosi kamwambia soma, na anamwogopa bosi kuliko mtihani.

"Na wewe, mzee wa Mtoni?"

Huyo alikuwa Lusungu Mwasomola, miaka arobaini na minne, mkubwa kuliko wote mle ndani, mwalimu akiwemo.

"Kuongeza ujuzi tu, mwalimu."

"Haya, uongo wa kwanza huo."

Ulikuwa uongo kweli. Ujuzi Lusungu alikuwa nao wa kugawa. Alichokuwa hana ni karatasi, hata moja, inayosema kwamba aliyesoma ni yeye.

Lilianzia mbali jambo hilo. Kule Rungwe, Lusungu alifeli darasa la saba, na kurudia kwa jina lako ilikuwa marufuku. Lakini kulikuwa na mtoto wa darasa la nyuma, Brightson Mwakatobe, aliyetoroka kwenda Chunya kuchimba dhahabu, jina lake likabaki kwenye daftari la mahudhurio kama kiti kisicho na mtu. Mwalimu mkuu na baba yake Lusungu wakakaa, wakaongea, jogoo mmoja akahama banda. Jumatatu, mwalimu alipoita "Brightson Mwakatobe!" Lusungu akaitika, "Nipo!"

Akaitika hivyo miaka ishirini. Wala hakuwa peke yake. Enzi zile watoto wengi walivuka kwa majina ya kuazima. Cheti cha kidato cha nne, Brightson. Stashahada ya kompyuta, Brightson. Akaajiriwa hospitali moja kubwa mjini, akatunza mitambo yao miaka kumi na miwili, wauguzi wakimwita Braiti. Ni mkewe tu, Vaileth, aliyemwita Lusungu, tena nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Kisha ukaja uhakiki wa vyeti. Kila mtu alete na cheti cha kuzaliwa. Lusungu hakungoja kuitwa. Aliweka funguo za chumba cha mitambo juu ya meza, akawaaga wenzake kuwa anakwenda chooni, na ndiyo hajarudi mpaka leo.

Tangu hapo alikuwa na kibanda Mtoni, kando ya Kilwa Road, akitengeneza simu na mashine za kuchapa. Kitambulisho cha taifa alikipata kwa cheti cha ubatizo, kwa jina lake la kuzaliwa. Na siku moja mteja mmoja akamwambia habari iliyomnyima usingizi: mtihani huu wa Wazungu hauulizi kidato cha nne. Unadai vitambulisho viwili vyenye jina moja, na kilichomo kichwani. Basi.

"Kama ni kilichomo kichwani," alimwambia Vaileth, "mie ninacho."

Vaileth aliuza friji lake la kugandishia barafu, ada ipatikane. Alilipangusa vizuri tu kabla wenyewe hawajaja kulibeba.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akingoja jambo hili. Brightson mwenyewe, yule wa kweli, alikuwa ametoka machimboni mikono mitupu na sasa amejibanza kwa dada yake Vingunguti. Kila wiki alikuwa anapiga simu, akianza na salamu ya Kinyakyusa.

"Ugonile, pacha wangu! Ile bahasha yangu ya vyeti vipi?"

"Bahasha yako ipi?"

"Si ina jina langu? Huku wanatafuta walinzi, ila wanataka kidato cha nne. Vyeti vya zamani havina picha, nani atajua?"

"Nipe muda, Braiti. Nikipata kazi kwa jina langu, utaichukua."

Ukweli ni kwamba hakuweza kuiachia. Mle ndani ya bahasha ndimo alimokuwa amesomea.

Mtihani, mara ya kwanza alifeli. Mara ya pili alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mtihani, dada wa mlangoni akaita, "Lusungu Mwasomola." Kimya. Akaita tena. Lusungu akageuza shingo kumtafuta huyo mzembe anayechelewesha watu. Jina lilipoitwa mara ya tatu ndipo jasho lilipomtoka.

"Nipo," akasema. "Samahani, sista. Nipo."

Akafaulu. Mashine ilipotoa karatasi hakutazama alama. Alitazama jina, herufi kwa herufi, kama mtu anayekagua mtoto mchanga vidole. Vaileth akaitia karatasi kwenye fremu. Wiki mbili walikula chakula cha usiku wakiitazama.

Kisha akaitwa Mbweni. Kampuni ndogo, inafunga intaneti kwenye zile nyumba mpya za pwani. Asubuhi aliyofika, ofisi nzima ilikuwa imezimika mtandao, na fundi mkuu, Fredrick, alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la nyaya.

"Karibu, mzee. Usaili wako ndio huu hapa. Tumehangaika tangu saa moja."

Lusungu hakugusa kompyuta. Alifuata nyaya kwa mikono, taratibu, kama mtu anayetafuta kiroboto. Akakuta waya mmoja ambao mtu wa usafi, kwa kutaka kupanga vizuri, alikuwa amechomeka ncha zake zote mbili kwenye kifaa kilekile. Mtandao ulikuwa unajizungukia wenyewe mpaka umezimia. Akachomoa. Taa zikatulia, na huko ndani watu wakashangilia.

"Umejifunzia wapi wewe?" Fredrick aliuliza, na uso wake ulikuwa umeshaajiri.

"Hospitalini. Miaka kumi na miwili."

Wakampeleka kwa Noela, msichana wa utumishi, mwenye heshima zake. Akamwamkia shikamoo, akampa maji, akakisifia cheti. Kisha akafungua faili.

"Sasa baba, cheti cha kidato cha nne."

"Hicho si kinatosha? Hicho ni cha juu."

"Ni cha juu, lakini hatuwezi kuezeka bila msingi. Au nipe jina la hospitali, niwapigie waniambie wanakufahamu."

Lusungu akaishika bahasha ndani ya mkoba. Aliibeba, sijui kwa matumaini gani. Hospitali hawamfahamu Lusungu. Wanamfahamu Braiti, aliyekwenda chooni.

"Lakini mmeiona kazi yangu, mwanangu."

"Mie nimeiona, baba. Faili ndilo halijaiona." Akashusha sauti. "Kama majina yamepishana, nenda kwa wakili ukaape. Watu wanaapa kila siku."

Wanaapa, ndiyo, herufi zikipishana. Akipishana mtu mwenyewe, kiapo hicho ni kujipeleka polisi na nauli yako mwenyewe. Akashukuru, akanywa maji yote, akaondoka. Fredrick alimpungia mkono kutoka kwenye kabati, akidhani wataonana Jumatatu.

Alipofika Mtoni alimkuta Brightson kibarazani, kanyoa ndevu, kavaa shati la kuazima. Usaili wa ulinzi ulikuwa kesho yake. Vaileth alimtazama mumewe usoni mara moja tu, akaingia jikoni.

Lusungu akaitoa bahasha mkobani, akampa.

"Chukua. Ni vyako."

Brightson akavitoa, akavipindua kwa vidole vyenye makovu. Kusoma alisoma kwa shida.

"Asante, pacha, Mungu akubariki. Na hicho cha ukutani kule ndani?"

"Hicho changu. Kinakufa baada ya miaka mitatu, mpaka ulipie mtihani upya."

"Ala! Cheti kinakufa kama kuku?" Akacheka, kisha akakumbuka shida yake. "Sikiliza, wataniuliza maswali. Nilisoma sekondari gani?"

Lusungu akaketi chini karibu naye. Akamtajia shule. Akamtajia namba ya mtihani, ambayo alikuwa hajaisahau. Akamwambia kuhusu bweni lililovuja, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa anafundisha akiwa amevaa gambuti, na asubuhi za baridi walipokuwa wanafukiza mikono kwenye chai. Brightson alirudia kila neno kwa midomo, kimyakimya, akilihifadhi.

"Na darasani? Nilikuwa wa ngapi?"

Lusungu akainyoosha ile bahasha tupu kwa kiganja.

"Wa pili," akasema. "Ulikuwa wa pili, kati ya tisini."

Brightson akapiga mluzi, akatabasamu kwa fahari.

"Kumbe nilikuwa na akili!"