Utando Ndani ya Beseni la Dancille

Mwaka 1968, Mwalimu Damascène wa Masisi alikuwa na asubuhi moja tu ya kuokoa darasa lake la sayansi. Inspekta Raphaël alikuwa amepanda kutoka Goma na kalamu yake na mashaka yake. Asipoonyeshwa jaribio la kuonekana kwa macho, darasa lingefungwa, na Damascène angerudi kulima maharage.

Jaribio lenyewe lilikuwa beseni la maji, unga wa muhogo ulionyunyizwa juu yake, na tone la mafuta.

"Molekuli za mafuta zinajipanga zenyewe, Papa Inspekta," alieleza. "Mguu mu maji, kichwa juu, bega kwa bega. Zinafanya utando wa molekuli moja tu, zinasukuma unga mupaka pembeni."

"Bila mukubwa wa kuzipanga?"

"Bila, Papa."

Inspekta hakulipenda jibu hilo.

Damascène akadondosha tone. Unga ukatulia. Akadondosha la pili. Unga haukujisumbua.

"Sioni kitu," alisema Inspekta, akafungua kalamu.

Damascène alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Masisi huporomoka kila masika, lakini siku ile ilikataa.

Mkewe Dancille akaingia na maziwa ya mgeni, akaona unga ndani ya beseni lake, akaguna.

"Uliliosha na nini?" Damascène alimuuliza.

"Na maji. Kisha nikalipaka mafuta ya ng'ombe. Chombo ya mugeni haiachwe yenye kukauka."

Kila mama wa kilimani hufanya hivyo, na Damascène, aliyelelewa huko, hakuwa amewaza hilo hata kidogo. Utando wa mafuta hayo ulikuwa umeshajaa juu ya maji kabla hajafungua mdomo. Tone lake halikuwa na pa kukaa. Alimweleza Inspekta hayo yote.

"Kitu haionekane, siiandike," alisema Inspekta.

"Munataka mafuta ile itoke?" aliuliza Dancille.

Akachana ukanda wa jani la mgomba, akauburuta juu ya maji toka ukingo hadi ukingo, kama anavyokusanya krimu ya maziwa kila asubuhi. Mara tatu. Akanyunyiza unga mpya.

"Weka sasa."

Tone likagusa maji. Unga ukakimbia pande zote, ukaacha duara safi. Inspekta alirudi nyuma hatua moja, kisha akaandika kwa muda mrefu, akampa Damascène karatasi aisome.

"Darasa libaki. Utando upo. Mwalimu anaujua wa kitabuni. Wa nyumbani afundishwe na mkewe."

Furaha na aibu vilimshika Damascène kwa pamoja. Dancille, ambaye hakujua kusoma, akauliza imeandikwa nini. Damascène akamsomea yote, hata sentensi ya mwisho.