Dakika Nane za Marseli

Marseli alipofika Singe asubuhi ya Jumanne, Romana alikuwa uani akianika maharage. Alimtambua kutoka mbali kwa ule mwendo wake wa kutanguliza bega, lakini hakuacha kazi yake. Mzee akasimama akisubiri shikamoo. Hakuipata.

"Romana, nimesikia bado una vile vifaa vya kusafishia picha," alisema mwishowe.

"Ninavyo."

Akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Ndani kulikuwa na mikanda miwili ya picha nyeusi na nyeupe, haijasafishwa bado. Mkewe Martha alikuwa amefariki mwezi wa tatu, na mikanda hiyo ilikutwa chini kabisa ya sanduku lake la nguo. Marseli aliipiga mwenyewe siku ya ubatizo wa mtoto wao Jesse. Enzi hizo kazi za wateja ndizo zilizotangulia, za nyumbani zikangoja mpaka zikasahaulika.

"Sina picha hata moja ya Martha akiwa kijana," alisema. "Arusha wamenirudisha. Umebaki wewe tu."

Romana alipokea leso. "Njoo Alhamisi," akasema, na moyoni akafurahi kwa namna ambayo hakuwa ameionja tangu mwaka wa tisini na moja.

Mwaka huo alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, fundi wa chumba cha giza katika studio ya Marseli pale mjini. Walipiga picha za harusi ya Kindness, binti wa mwalimu mmoja wa Bonga. Dawa ya kusafishia iliyokuwapo ilikuwa imetumika wiki nyingi, imegeuka rangi ya chai ya rangi. Romana alimwambia bosi wake, "Hii imechoka." Marseli akajibu, "Tumia hiyo hiyo, bado ina nguvu. Dakika nane."

Mikanda yote ilitoka mitupu. Wiki iliyofuata mwalimu, baba wa bibi harusi, akafariki ghafla. Picha za harusi ile zilikuwa za kwanza kupigwa maishani mwake. Ndugu walipokuja studio wakilia, Marseli alimnyooshea Romana kidole mbele yao wote. "Huyu hapa. Alifungua mlango, mwanga ukaingia."

Siku hiyo hiyo Romana alitupwa nje akiwa na kopo moja la kusafishia na pakiti chache za dawa badala ya mshahara. Sokoni wakamwita Romana Mlango. Jina hilo lilimfuata kwenye foleni ya maji, likamfuata kwenye kwaya, likamfuata mpaka kwenye ndoa yake. Wakwe zake walimwita hivyo wakidhani hasikii.

Jumatano alikoroga pakiti ya mwisho. Unga ulikuwa umeshikana mabonge, na maji yakawa ya njano iliyokolea. Akakata ncha ya mkanda mmoja, ile ambayo ilikwishapigwa na mwanga na haina picha, akaidumbukiza kwenye kikombe mchana kweupe huku akiangalia saa. Dawa nzima ingeifanya nyeusi kwa dakika moja. Hii ilichukua dakika tano kamili. Dawa ilikuwa imezeeka, lakini haijafa. Akapiga hesabu, nane mara tano: mkanda wenyewe ungetaka dakika arobaini.

Alhamisi aliuingiza mkanda wa kwanza kwenye kopo, mikono yake ikiwa ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, akafunga kifuniko. Kisha akamsukumia Marseli lile kopo na jagi la dawa.

"Mimina mwenyewe."

"Kazi hii niliiacha zamani, Romana."

"Mimina."

Mzee alinusa jagi, akalitazama kwenye mwanga. "Ni ya zamani hii."

"Ya zamani. Unaiona rangi."

"Bado ina nguvu," alisema, kwa sauti ile ile ya fundi mkuu. "Dakika nane zinatosha."

Romana alikuwa na neno moja tu la kusema, arobaini, nalo lilikuwa mdomoni. Akalimeza. Akashika saa na kumhesabia dakika nane, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Marseli alipoutoa mkanda kwenye dawa ya pili, ile ya kugandishia picha isifutike, na kuuinua juani, alikuwa ameshika plastiki tupu. Aliugeuza, akaugeuza tena. Kisha akamtazama.

"Ulijua?"

"Nilijua. Kama wewe ulivyojua siku ile."

Mzee alikalia ndoo iliyopinduliwa, akalia kama wanavyolia wazee, bila sauti. Romana alidhani atamwonea huruma. Haikuja.

"Wa pili naweza kuutoa," alisema. "Muda wake naujua. Ila kwanza utampigia Kindness."

Namba Romana alikuwa ameitafuta mwenyewe tangu jana yake. Akabonyeza spika, akamwekea simu mkononi. Marseli alieleza yote: dawa, dakika, na mlango ambao haukufunguliwa kamwe.

"Mama Brayan yupo hapo?" Kindness aliuliza, akimwita Romana kwa jina la mwanawe.

"Nipo," Romana alisema.

"Nilikuchukia mpaka nikawafundisha wanangu kukuchukia." Sauti ilikatika, ikarudi. "Mzee Marseli, usinipigie tena."

Ndipo Romana akatia mkanda wa pili. Kwa dakika arobaini alikuwa akilipindua kopo na kulirudisha. Martha akatokea, hafifu kama mtu aliyekaa nyuma ya moshi, lakini ni yeye: kitenge, shanga, mtoto mapajani, anacheka.

Mzee alifungua mdomo kushukuru.

"Usinishukuru. Wa kwanza ulikuwa na nini?"

"Kanisani," alinong'ona. "Padri akimwaga maji. Na mama yangu alikuwapo, amembeba Jesse."

"Basi utakaa na jambo hilo," Romana alisema, akaubana mkanda kwenye kamba ukauke.

Jumamosi alikwenda kuungama. Aliyataja mengine yote, mpaka ya kumsema jirani. La mkanda wa kwanza hakulitaja.