Picha ya Méné na Bundi

Karibu kila Mrundi aliyefunga ndoa Johannesburg kwa muda wa miaka kumi na kitu alipigwa picha na Herménégilde, mume wa Goreth. Watu walimwita Méné, maana jina lake zima liliwashinda. Bibi harusi aliyesinzia mezani, bwana harusi aliyeazima suti, shangazi aliyegombania keki, wote alikuwa nao. Yeye mwenyewe hakuwa na picha ya maana hata moja, na jambo hilo liligundulika wakati siku ya kuganduka imeshakaribia.

Kuganduka ni kule kuondoa matanga. Mwaka unakuwa umekwisha, familia inavua huzuni, watu wanakula na kunywa, na mbele ya ukumbi panasimamishwa picha kubwa ya marehemu ili kila mtu apite kumuaga. Uso ule ndio watu wanaoondoka nao. Goreth alilijua hilo, ndiyo maana aliipekua nyumba yao ya vyumba viwili pale Bellevue kama mtu anayetafuta pete iliyoangukia kwenye unga.

"Si iko ile ya permit?" alisema Égide, mdogo wa marehemu. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe, na uenyekiti ulikuwa umempanda kichwani kidogo. "Tunaikuza tu, shemeji. Inatosha."

Picha ya kibali cha ukimbizi! Macho yamemtoka, shingo imekakamaa, mdomo umebanwa kama wa mtu anayesubiri sindano. Yule hakuwa Méné. Yule alikuwa mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, kisha akaambiwa asicheke. Goreth aliona kwamba kumuaga mumewe kwa uso ule ni kumzika mara ya pili.

"Hapana," akasema. "Huyu si yeye."

"Bon, leta nyingine basi."

Égide hakukosea, na hilo ndilo lililomuuma Goreth zaidi.

Jioni zile alikaa na binti yake Ariane mbele ya kompyuta ya marehemu. Walipitia maharusi, ubatizo, maharusi tena. Walipata kiwiko chake kwenye kioo cha saluni. Walipata kivuli chake kwenye nyasi za bustani, kamera usoni.

"Eish, Mama," Ariane alisema akipiga miayo. "Mtu wa picha nani atamupiga picha?"

Baada ya maharusi wakafika kwenye picha za bundi, nazo zilikuwa mamia kwa mamia. Goreth alitaka kuzima mashine, lakini mkono ulisita.

Majira ya baridi harusi hupungua, maana hakuna bibi harusi anayependa kuvaa koti juu ya shela. Basi Méné alikuwa akipanda teksi ya kwanza asubuhi na ile lenzi yake ndefu, mpaka kwenye kinamasi cha matete huko kusini, ng'ambo ya Turffontein, ambako bundi hutua juu ya nguzo za ua kabla jua halijawa kali. Alirudi masikio yakiwa mekundu, pua inachuruzika, amefurahi utadhani ametoka karamuni. "Goreth, leo amenitazama hivi!" Naye aligeuza shingo polepole, polepole, mpaka kidevu kiguse bega, macho makavu kabisa, na Goreth alicheka hata kama alikuwa amemnunia. Siku hizi akikumbuka shingo ile ikigeuka, mguu wake ulisimama wenyewe juu ya kanyagio la cherehani, katikati ya kushona.

Lakini picha za bundi kutundikwa ukutani, Goreth alikataa katakata. Kwao Rumonge, Burundi, bundi akilia juu ya paa, mama yake alitupa chumvi kwenye makaa na kumwamuru ndege aondoke na maneno yake. Méné alipokufa ghafla kwa presha, wanawake wa kwaya walinong'onezana kwamba aliyemtafuta bundi miaka yote hatimaye bundi naye alimtafuta. Goreth aliwakasirikia. Kuna siku pia aliwaamini.

"Ngoja," alimwambia Ariane. "Rudisha ile."

Kwenye picha bundi alikuwa juu ya nguzo, amejikunyata. Nyuma yake, mbali, ng'ambo ya matete, kulikuwa na umbo la ukungu, la rangi ya kijani, na ukungu ule ulikuwa na ndevu nyeupe na kiti cha kukunja. Wakafungua nyingine, ya mwaka mwingine. Ndevu zilezile.

"Huyu mzee naye ana lenzi," Goreth alisema. "Analenga nini?"

"Si ni bundi huyohuyo, Mama."

"Na nyuma ya bundi, kutoka kule kwake, kuna nani?"

Ariane alipitisha kidole kwenye kioo, kutoka kwa mzee mpaka kwa bundi. "Papa," akasema.

Jumamosi Goreth alipanda teksi ya kwanza. Alivaa sweta mbili na koti la Méné, na lenzi, ikiwa na kamera yake, alikuwa ameipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa imevalishwa kitambaa cha manjano chenye samaki wekundu, kitenge kilichobaki kwenye harusi fulani. Goreth ndiye aliyekishona, kwa utani, Méné alipolalamika kwamba chuma kile kinamgandisha vidole. Wapiga picha za ndege wengine huzivika lenzi zao rangi za majani makavu ili wasionekane. Méné alitoka na samaki wekundu kila majira ya baridi, na bundi hawakumlalamikia.

Kinamasi kilikuwa kimya. Majani yalikuwa ya manjano, umande umeganda juu yake, ukikanyaga unavunjika. Ng'ambo ya matete aliona kiti cha kukunja na ndevu nyeupe. Aliuzunguka ua karibu akikimbia, na alipofika mzee aliinua kiganja bila kumtazama. Maana yake ilikuwa: simama, nyamaza. Bundi alikuwa juu ya nguzo.

Basi Goreth akasimama na swali lake kubwa mdomoni kama mtu aliyebugia kiazi cha moto. Mzee alimwonyesha kwa kidole sehemu ya kuegemeza lenzi. Aliegemeza, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaweka jicho.

Mwanzoni aliona majani yanayotetemeka, kisha anga, kisha mkono wake ukatulia na bundi akawa pale, karibu kuliko alivyopata kumwona ndege yeyote. Alikuwa mdogo, wa kahawia, macho meusi yenye usingizi, manyoya yamemvimba kwa baridi. Alifanana na mtu aliyeamshwa mapema na bado hajaamua kama akasirike. Bundi akageuza shingo polepole, polepole, mpaka begani. Goreth alisikia kicheko kinampanda pamoja na machozi, akavibana vyote viwili, akabonyeza.

Ndege alipoondoka, mzee aligeuka. Hakumtazama Goreth. Alitazama samaki wekundu.

"Lenzi hii naijua," alisema, Kiswahili chake laini cha Tanga. "Mwenyewe yuko wapi, mama? Msimu mzima namngojea."

Njiani Goreth alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yalimpotea. "Hayupo, mzee. Mwaka sasa."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mzee aliketi kwenye kiti chake. Alikuwa anaitwa Abdulrahman, mwenye duka la viungo Fordsburg. "Mie nilidhani amehama. Watu wa mji huu wanahama bila kuaga. Jina lake nani, mama?"

"Hukujua jina lake?"

"Tulikuwa tunazungumza ndege tu. Mimi namwita Mrundi, yeye ananiita Mzee. Ndege akiondoka tunakutana hapa kati, ananimiminia chai. Chai ya tangawizi kali ile, mpaka unalia."

Goreth aliijua chai ile; ni yeye aliyekuwa akiichemsha. Miaka yote ile Méné alirudi na chupa tupu na kujisifu kwamba kaimaliza peke yake, naye akawa anamjazia kwa fahari, akimcheka tumbo.

Picha Mzee Abdulrahman alikuwa nayo, ndani ya simu yake. Bundi ametua kwenye nguzo akampa Méné mgongo, mkia kabisa, na uso wake akamgeuzia Mzee. Yule aliyefunga safari gizani apate uso akaambulia makalio. Basi nyuma ya bundi, Méné ameinua kichwa kutoka kwenye kamera, kofia imekaa upande, mdomo wazi, anajicheka. Alikuwa na ukungu kidogo, lakini alikuwa yeye, kuanzia kofia mpaka pengo la meno. Goreth aliishika simu ile mpaka mwanga wake ukazimika, na mzee hakumdai; kisha akamtumia picha.

Jumapili Égide aliiona, akaruka. "Bundi! Kwenye kuganduka! Shemeji, watu watakimbia wakaache chakula."

"Tukate bundi," alisema Ariane. Akajaribu. Lakini lenzi ile ilikuwa imemtazama ndege, haikumtazama mtu. Bundi akiwepo, jicho lilimpata Méné bila shida. Bundi alipokatwa na Méné kukuzwa, aligeuka moshi wenye kofia.

"Basi permit," Égide alisema, kwa sauti ya chini sasa. "Goreth, nakuomba. Watasema huyo ndege ni wewe ulimuleta."

Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, na sasa lilikuwa limesemwa. Goreth aliona ukumbi mzima, wanawake wa kwaya, midomo inayosogeleana masikioni. Kisha akauona ule uso wa kungoja sindano. "Wacha waseme," akajibu. "Huyu ndiye niliyeolewa naye."

Siku ya kuganduka ukumbi ulijaa. Goreth aliivuta shuka iliyofunika picha. Bundi alikuwa mkubwa kama mtoto wa shule, macho meusi, anawatazama wote. Mtu mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mama Bijou, kiongozi wa kwaya, alisimama, na Égide akafumba macho.

Mama Bijou alisogea mpaka karibu, akainama, akachungulia nyuma ya ndege. "Méné," akasema. "Kumbe ulikuwa na pengo?" Akacheka kwa sauti, huku machozi yanamtoka. "Kanipiga picha harusi mbili, sikupata kumwona uso! Kila mara kamera!"

Watu wakasogea. Kumbe wote walikuwa hivyo. Mume na mke mmoja wakajipanga upande huu na huu wa picha. "Goreth, tupige naye! Yeye alitupiga sisi." Nyuma yao wakaja wengine, na watoto wao, na shangazi wa keki. Égide naye alikuja, akasimama upande ulio mbali na bundi.

Goreth alikuwa na kamera ya Méné na lenzi moja tu, ile ndefu, na lenzi ndefu haiwezi kubeba watu waliosimama karibu. Aliweka jicho, akaona sikio la Égide peke yake. Akarudi nyuma. Akaona nyuso mbili. Akarudi nyuma tena kati ya meza, watu wakimpisha, akapita mlango mkubwa uliokuwa wazi, akatoka nje mpaka upande wa pili wa barabara, kwenye upepo wa baridi. Hapo ndipo wote walipoenea: maharusi wa Méné, mdogo wake, binti yao, na yeye mwenyewe katikati anacheka. Ni mbali hivi alikokuwa anasimama siku zote, Goreth akawaza, ili sisi tuenee. Alimpenda wakati ule kwa uchungu mpya kabisa.

"Mama!" Ariane aliita kutoka mlangoni. "Njoo karibu!"

"Nikija karibu mnakatika," Goreth alijibu. "Simameni hivyo hivyo."

Akabana pumzi, akabonyeza.