Kikohozi Ndani ya Mashine ya Hesabu

Mwenye nyumba akifa, kwetu saa zote husimamishwa na dirisha hufunguliwa, ili roho ipate kwenda zake. Shemeji yangu Veit alikuwa fundi saa, kwa hiyo siku aliyokufa mimi na mkewe, dada yangu Apollonia, tulizunguka karakana nzima tukishika pendulamu zinazobembea moja moja mpaka zikatulia. Mashine ya hesabu aliyokuwa akiiunda hatukuigusa. Haikuwa saa, nani angeikumbuka?

Veit aliihangaikia mashine ile mpaka mapafu yakamwisha. Ukiongeza moja juu ya tisini na tisa, gurudumu la makumi lilishindwa kulisukuma la mamia, ikakwama. Alipozikwa tu, ikaanza kufanya kazi.

Mimi niliona ni baraka. Chama cha mafundi kilimwachia dada karakana kwa sharti moja: mashine impendeze mjumbe wa mtawala. Isipompendeza, atoke.

Mjumbe akaja Jumapili baada ya ibada, bonge la mtu, mcheshi.

"Haya, mama, tuone kama sanduku hili lina akili kunishinda!"

Akaweka tisini na tisa, akaongeza moja. Magurudumu yakasukumana vizuri, na ndani kukasikika kikohozi kikavu, kisha pumzi inayovutwa kwa shida. Mwenye kikohozi kile nilimuuguza majira yote ya baridi.

"Inataka mafuta kidogo," mjumbe akacheka. "Tuipeleke elfu!"

Safari hii ilikohoa mpaka meza ikatikisika. Mjumbe akapiga makofi. "Ajabu! Mtawala ataizungusha kutwa kucha!"

Dada akasawijika. "Kutwa kucha?"

"Funga mdomo, Apollonia," nikamnong'oneza. "Ukifukuzwa hapa utalala wapi?"

"Na yeye je, atalala wapi?"

Akafungua dirisha, theluji ikaingia. Akaweka kiganja juu ya magurudumu, kama tulivyozishika saa.

"Nenda, mume wangu. Kazi imetosha."

Kitu chenye uvuguvugu kikanipita shavuni kikielekea nje. Mjumbe akazungusha tena: tisini na tisa, moja. Ikakwama, kimya.

"Umeiharibu, mwanamke!"

"Ndiyo, bwana," dada akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia.

Karakana ilichukuliwa. Sasa tunabanana kitanda kimoja kwangu. Yeye hulala fofofo. Anayekesha akisikilizia kikohozi kile ni mimi.