Kibarua wa Mama Naomie

Mvua za mwezi wa kumi huku kwetu Tshopo hazipigi hodi. Asubuhi ukungu unapanda kutoka mtoni, unafunika mabati ya nyumba, na kwa muda kidogo mtaa mzima unakuwa kama unaelea. Saa nne jua linatoka na hasira zake. Saa tisa mbingu inamwagika. Kila kitu kinaota, hata fito za uzio zinachipua, na ukisimama uani muda mrefu unaanza kuogopa usije ukatoa mizizi.

Katika msimu huo wa kuota, ndani ya nyumba ya Papa Isaïe kulikuwa na mtu anayenyauka. Mama wa mke wake, Mama Naomie, alikuwa amekataa kula. Walimleta kutoka Yanonge mwezi wa nane kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, baada ya kuanguka mara tatu peke yake nyumbani. Siku nyingine alimtambua binti yake Euphrasie, siku nyingine alimwita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Daktari alipima hiki na kile, hakuona ugonjwa. Euphrasie alimpikia samaki, alimpondea ndizi za lituma hadi zikawa laini kabisa, na kila mara mama alionja vidonge viwili vya lituma akasukuma sahani.

Halafu siku moja alifungua fundo la kikwembe chake, akatoa mbegu nyeusi ndogo ndogo, akainuka mwenyewe bila kushikwa mkono, akazirusha bustanini kama anayelisha kuku. "Nitakula yangu ikiota," akasema. Tangu siku hiyo Euphrasie alihesabu siku, na mume wake, aliyeambiwa ile ahadi tu, naye pia, kila mmoja kimoyomoyo.

Sasa, mseme nini mnataka, lakini kosa la Isaïe lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu. Yeye ni mtu wa milimani, wa upande wa Butembo, muuza maharagwe ya jumla. Alipooa mtoni aliambiwa kwamba mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Bokilo, wanasema kwa Kilingala, na neno lenyewe tu linatosha kumshusha mtu macho. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Basi Isaïe alishika desturi hiyo kuliko wenyewe, kama wageni wanavyofanya. Miaka ishirini na miwili salamu zake zote zilipitia kwa Euphrasie. Na kwa kuwa Mama Naomie alishinda uani kwenye kiti kifupi, akiitazama bustani, Isaïe aliacha kabisa kukanyaga uani. Alichojua kuhusu bustani ni kile alichokiona akichungulia dirishani: mistari mitatu ya vitunguu, imenyooka vizuri, na fujo ya majani katikati.

Mtu wa Butembo, ukimwonyesha mstari na fujo, umwulize ipi ni mboga ya bokilo wake, atajibu nini?

Jumamosi moja Euphrasie alikwenda misa ya asubuhi, mama akiwa bado amelala. Isaïe alivua viatu, akavaa suruali ya zamani na kofia ya majani, akachukua jembe dogo, akaingia katika ukungu. Alipalilia. Udongo ulikuwa baridi miguuni, na taratibu akasahau yuko uani. Alikuwa mtoto tena, mlimani, nyuma ya mgongo wa baba yake, na chini yao mawingu yamelala bondeni. Aling'oa majani, akang'oa na vijani vidogo vyekundu-vyekundu vilivyosambaa ovyo kila mahali, akavirundika pembeni. Vitunguu vikabaki peke yao, safi, vinapumua. Mama atakula wiki hii hii, aliwaza. Mzee mzima wa miaka hamsini na mitatu akapiga mluzi kwa furaha.

Euphrasie aliporudi alisimama mlangoni na rozari bado mkononi.

"Isaïe. Umefanya nini?"

"Nimepalilia vitunguu ya mama."

"Vitunguu ni yangu mimi." Akanyoosha kidole kwenye rundo. "Ya mama ndiyo ile. Lengalenga, mboga ya majani ya kwao. Ilibakisha siku chache tu."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alikaa chini kwenye tope na nguo yake ya misa, akashika kichwa. "Alisema atakula yake. Mi nitamuambia nini sasa?"

Mungu wangu, Isaïe alijiambia, nimemuua huyu mama kwa mikono yangu, tena nikipiga mluzi.

Lakini Euphrasie ni mtoto wa mtoni, halii sana. Alipangusa uso, akainamia rundo. "Yenye iko na mizizi, rudisha mbio mbele ya jua kutoka, itashika. Yenye imevunjika ninapika." Akajaza beseni, akaenda kuwasha mbabula ya makaa jikoni, hatua chache tu kutoka hapo.

Isaïe alipiga magoti. Alikuwa amepanda labda miche kumi aliposikia kandambili nyuma yake. Desturi ilimwambia ainuke, akimbie. Mikono yake ilikuwa imejaa mizizi, na ukungu ulishaanza kuwa mweupe juu ya paa. Alishusha kofia, akabaki.

"Wee kibarua!" sauti ya Mama Naomie ikasema. "Unapanda mboga ao unazika mutu? Legeza udongo."

"Ndiyo, mama."

"Na usizipange kama masoda ya jeshi. Hizi zinapenda kusongamana." Akachuchumaa kando yake, magoti yakalia, akachukua fungu lake la miche. Walipanda bega kwa bega. Alimsimulia jinsi maji yanaposhuka kule Yanonge na kuacha udongo mweusi ukingoni, na wanawake wanarusha mbegu na kuondoka, wala hawageuki kutazama. Aliongea kana kwamba mto unapita hapo mwisho wa uzio. Na Isaïe, na ule ukungu, na mngurumo wa maporomoko ya Tshopo kwa mbali, alifika mahali akahisi maji yanamgusa vifundo vya miguu. Hakutaka kuamka.

"Kibarua."

"Mama."

"Patron yako. Bwana ya mutoto yangu. Iko mutu wa namna gani? Miaka yote mi naona tu viatu yake."

Isaïe alikaza macho kwenye udongo. Aliwaza mwaka ule duka lilipoungua na Euphrasie akauza samaki wa kukaushwa barabarani ili watoto wasome, na yeye hakuwahi kumwambia asante.

"Anajikaza, mama," alisema.

"Anamupenda?"

"Anamupenda sana. Hajue tu kusema."

Jikoni, mwiko ulinyamaza ndani ya sufuria.

"Hee, banaume," Mama Naomie akasema. Alipanda mche wake wa mwisho, akaushindilia kwa dole gumba. "Bon. Umuambie akuye tukule pamoja. Mi nimezeeka, hii heshima imenichosha. Nataka kuona uso yake mbele ya kufa."

Isaïe alizunguka nyumba. Aliosha tope, akavaa shati safi, akaingia kwa mlango wa mbele. Mkeka ulikuwa umetandikwa, lituma na mboga katikati, na Euphrasie macho yake mekundu, akisingizia moshi. Isaïe alikaa mbele ya bokilo wake na hakujua aweke wapi macho. Mama Naomie alinyoosha mkono, akamshika kidevu, akamwinua uso. Alimtazama muda mrefu, bila haraka yoyote.

"Kibarua yako amesema unajikaza," alisema. "Na mi nimemuamini. Kula."

Isaïe alimega kidonge cha lituma, akakishika tu, hajui kama ale mbele yake. Mama Naomie alimhurumia. Alimega cha kwake, akachovya kwenye mboga, akakila polepole, ili amwonyeshe kwamba si kazi ngumu. Kisha akamega tena.