Ukuta wa Juni

Wewe umewahi kutazama nguruwe wanavyolala mwezi wa Juni, ukarudi kuwatazama Novemba? Osward alitazama mara moja tu, ikamtosha.

Mama yake, Verediana, alifuga nguruwe tisa pale Katindiuka tangu alipofiwa na mume. Kati yao alikuwapo jike mmoja mweupe, sikio la kushoto limechanika, ambaye moyoni alishamtenga kwa ajili ya binti yake Theresia, aliyeachika kule Idete na hakuwa na hata kuku. Hakuwa amelitamka hilo kwa mtu. Mwaka huo, tisini na nne, Osward alirudi kutoka kwenye mashamba ya miwa akaanza kusema nguruwe wangu, nguruwe wangu, na mama akameza maneno yake.

Juni ile baridi ya alfajiri iliuma. Nguruwe walirundikana kona moja, huyu kamlalia yule, pua zimefukiwa kwenye matumbo ya wenzao. Nusu ya sakafu ikabaki tupu. Osward akaona hiyo ni nafasi ya bure. Akajenga ukuta katikati ya banda, upande wa pili akajaza magunia ya mpunga. Mama alimwambia angoje joto lije aone. Akacheka, akamuuliza kama nguruwe nao wanataka kila mmoja na chumba chake.

Novemba likaja joto la kusubiri mvua. Sasa kila nguruwe alitaka kulala peke yake, ubavu chini, miguu kanyoosha, asiguswe. Pa kunyooshea hapakuwapo. Waling'atana wakigombea kiraka chenye maji kando ya hori. Verediana aliomba ukuta ubomolewe; akaulizwa mpunga utawekwa wapi. Akabeba ndoo kutoka kisimani kuwamwagia maji mpaka kiuno kikakataa. Jike mweupe, mimba imemlemea, alisukumwa hadi kwenye matofali ya ukuta yaliyopigwa na jua. Jumanne alasiri wakamkuta amekufa, ulimi nje.

Ndipo Osward akaleta sururu. Alisimama nayo mkononi akimlaumu mama: kama alijua, mbona hakumkataza kwa nguvu?

Verediana aliketi juu ya ndoo aliyoipindua.

"Baba yako alipokufa ulichukua shamba, sikusema. Huyu jike nilitaka aende kwa dada yako. Nilitaka hivyo tangu Pasaka."