Anapita Tu

Filomena alimfundisha mwanawe kusema uongo huku akimsuka nywele. Kila Jumapili alasiri walikaa kizingitini, mama kwenye kigoda, mtoto chini katikati ya magoti yake, ameshika kioo kidogo chenye ufa. Kioo hakikuwa cha kutazamia nywele. Kilikuwa cha Filomena, apate kuyaona macho ya mtoto.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Crucita Almonte."

"Na mimi ni nani yako?"

"Jirani."

Hapo macho yaliinama, na hapo kitana kikavutwa mpaka kichwa cha mtoto kikarudi nyuma.

"Macho," alisema Filomena. "Neno umelisema vizuri, macho yametoboa siri. Wenye sare hawasikilizi maneno. Haya, tuanze upya."

Mtoto alikuwa na miaka sita. Alilia kimya kimya, kwa kuwa kilio cha sauti nacho kilikuwa kimekwisha kukatazwa.

Filomena mwenyewe alizaliwa katika chumba hicho hicho, katika kambi ya wakata miwa, upande wa mashariki wa Dominikana. Baba yake, mzee Sentil, aliletwa kutoka Haiti kwa lori la kampuni akiwa kijana asiyejua hata kunyoa ndevu. Alikata miwa mpaka mgongo ukakataa kunyooka, akafa, akazikwa nyuma ya reli ya mabehewa ya miwa. Tangu aletwe hakuwahi kuuvuka tena mpaka, hata kwa ndoto. Kwa hiyo Filomena alipojifungua, alimfunga mtoto kwa shuka safi akaenda naye mjini kumwandikisha, bila wasiwasi wowote. Katiba ilisema anayezaliwa katika nchi hii ni wa nchi hii, isipokuwa watoto wa mabalozi na watoto wa wapita njia. Balozi hakuwa. Mpita njia je, angekuwaje?

Karani wa ofisi ile, kijana mwenye kucha safi, aliikagua kadi yake ya kambi, akamkagua na yeye uso mzima, akauliza baba yake alikuwa mtu wa wapi. Filomena akamwambia.

"Basi baba yako alikuwa mpita njia," alisema karani. "Na mpita njia huzaa mpita njia. Nawe umetuletea mwingine."

"Baba yangu amezikwa hapa."

"Ah. Basi kumbe alichoka njiani."

Makarani wenzake wakaangua kicheko. Filomena naye akacheka, kwani mtu wa kambini akichekwa hucheka, ndiyo adabu yake. Kisha akatoka akaketi kwenye ngazi za ofisi, akatoa ziwa amnyonyeshe mtoto, na maziwa hayakutoka.

Kambini neno lile lilipata wateja. Watu walisalimiana asubuhi, "Wapita njia, mmelalaje?" na mwanamume aliyekuwa kitandani mwaka wa pili kwa kupooza aliulizwa safari inaendaje. Utani ulikuwa mtamu, lakini watoto walibaki bila cheti. Na asiye na cheti alifika darasa la nane, akaambiwa basi, panga lile kule na shamba lile pale.

Palikuwa na njia moja tu, na kila mtu aliijua ingawa hakuna aliyeitaja. Mwanamke mwenye kitambulisho alikwenda ofisini na mtoto wa mwenzake, akasema amemzaa yeye. Crucita Almonte, mwenye duka la kambi, alikuwa na kitambulisho, ulimi mkali, na nyumba isiyo na mtoto. Filomena alipomwendea, Crucita aliendelea kupima mchele kana kwamba hajasikia, kisha akasema bila kuinua uso:

"Nikimwandika, shoga, ni wangu. Mimi sitaki kuwa mama kwenye karatasi halafu barabarani naitwa shangazi. Mbele za watu mama ni mimi, wewe ni jirani. Ukiweza, mlete kesho. Ukishindwa, kalee mpita njia wako."

Filomena alimpeleka kesho yake. Alikuwa amempa mtoto jina la marehemu mama yake, Mirlande. Crucita alirudi na cheti kilichoandikwa Yokasta, akasema Mirlande lilinuka miwa.

Crucita aliufaidi umama wake. Alimvalisha mtoto viatu vyeupe na kwenda naye kanisani akimshika mkono, huku Filomena amebaki uani kwake akifua nguo za wote wawili, maana ndiyo yalikuwa malipo. Akirudi alipenda kuita kwa sauti, wapita barabara wasikie, "Jirani, mwanangu amekula?" Mtoto alipougua homa kali akalazwa, wauguzi waliruhusu mama peke yake. Crucita akalala kitini kando ya kitanda. Filomena alisimama nje ya dirisha, upande wa mapipa ya taka, na mtoto alipogeuka akamwona, akageukia ukutani kama alivyofundishwa.

Iliuma. Lakini Filomena alijizoeza kuuita uchungu ule kazi. Majaji wa mji mkuu walipokuja kuamua kwamba wazao wote wa wapita njia hawakuwahi kuwa raia, hata waliokuwa na vyeti mikononi, kambi nzima ilipigwa butwaa. Mtoto wa Dieula, jirani wa ukuta mmoja aliyekataa mwanawe aandikwe kwa jina la mwanamke mwingine, alifukuzwa kwenye mtihani akiwa amekwisha kukaa na kalamu mkononi. Yokasta Almonte alifanya mtihani, akafaulu. Dieula alikuja kulia kwa Filomena, na Filomena, aliyekuwa akianika shuka, hakushuka kwenye kigoda.

"Wewe ulitaka kuitwa mama," alimwambia. "Haya basi, itwa."

Dieula hakumsemesha tena. Filomena hakujali, alitembea kambini shingo imenyooka, kama aliyeshinda kesi.

Macho ya Yokasta yalikuwa yameacha kuinama tangu alipofika miaka tisa. Siku hiyo Filomena alimbusu utosini na kioo kikatundikwa ukutani, somo limekwisha. Alipofika kumi na tatu, jioni moja wakiwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, msichana aliuliza, "Jirani, kikombe kiko wapi?" Filomena akacheka akidhani anataniwa. Yokasta alikuwa akingoja kikombe.

Naye akasoma, akaingia chuo cha wauguzi mjini. Ikafika siku ya kuvishwa kofia, ambapo kila mwanafunzi huitwa mbele na mama yake huibana kofia kichwani pake. Asubuhi hiyo Filomena alimsuka kwa mara nyingine, misuko ya kulala ili kofia ikae. Yokasta alijitazama kwenye kioo kile kile cha ufa, akasema, "Usije. Lori la uhamiaji linazunguka mjini siku hizi, linawapeleka mpakani wasio na karatasi."

Ilikuwa huruma, au ilikuwa aibu? Filomena alichagua huruma, akavaa gauni lake la bluu akaenda.

Alisimama nje ya uzio wa chuo. Kupitia vyuma vyake aliona kila kitu: viti, maua ya karatasi, Crucita katika nguo ya zambarau, amezeeka, mikono inamtetemeka. Jina la Yokasta likaitwa. Crucita akaibana kofia, ikakaa upande. Filomena akajikuta amenyoosha vidole kati ya vyuma, kana kwamba angeweza kuinyoosha kutoka pale alipo. Hakulisikia lori likisimama nyuma yake.

"Mama, makaratasi."

Alikuwa sajenti mnene, mwenye sauti ya uchovu tu. Filomena alimjibu kwa Kihispania safi kuliko chake kwamba yeye ni mzaliwa wa hapa.

"Mnazaliwa hapa nyote," alisema sajenti. "Ila hamzeeki na karatasi. Sikiliza, mimi pia nina mama. Una ndugu yeyote mwenye kitambulisho? Aje hapa aseme huyu ni wangu, nami nitakuacha uende zako."

"Sina mtu."

Mdomo ulisema vizuri. Lakini macho, macho ya mwalimu mwenyewe, yalikuwa yamekwisha kukimbilia kwenye kofia ile iliyokaa upande, na sajenti akayafuata. Wauguzi wapya walikuwa wakitoka langoni kupiga picha.

"Nesi!" aliita. "Hebu njoo. Huyu mama unamjua?"

Crucita ndiye aliyetangulia kufika, anahema. "Ananifulia nguo. Mwache huyo, baba, nakuomba."

"Kila mtu mjini ana mfuaji, bibi. Nimesema ndugu. Nimemuuliza nesi."

Yokasta akasogea mpaka hatua moja kutoka kwenye lori. Filomena alijua gharama ya neno moja: cheti kingefutwa, kofia ingevuliwa, Crucita angefungwa kwa kughushi. Alijua hayo yote, na hata hivyo alilitaka neno hilo kama mtu anavyotaka maji. Alitaka kuitwa mama, mara moja tu, mbele ya yeyote, hata mbele ya lori. Aliona aibu kwa kulitaka. Akatikisa kichwa kidogo kumkataza msichana, na moyoni akajiombea kitu kidogo kuliko neno, kile ambacho hakingemgharimu mtu: macho yainame, basi. Mara moja.

"Ni jirani," alisema Yokasta. "Anapita tu."

Alimtazama sajenti usoni. Kisha akamtazama Filomena, moja kwa moja, bila kupepesa.

"Anapita kwenda wapi?" aliuliza sajenti, lakini alikuwa akiongea na askari wake, nao wakacheka.

Filomena alipanda mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Ndani ya wavu wa lori walikuwa wanawake kadhaa wamekaa sakafuni, mmoja mjamzito. Lori lilipoondoka alimwona Crucita ananyoosha mkono kuirekebisha kofia, na Yokasta anausogeza mkono ule pembeni taratibu, anaibana kofia mwenyewe. Akaibana sawasawa.

Walipopita daraja la mto, yule mjamzito alimgusa goti.

"Dada, yule nesi ni nani wako?"

"Jirani," alisema Filomena, na macho yakamwanguka sakafuni.

Mwanamke yule akamsogezea nafasi ya kukaa.